Sweta la Kipupwe: Ununue, Ufume au Usokote?

Juni ikiingia, Dodoma si ile ya Novemba. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, upepo unavuma bila kizuizi, na alfajiri za Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 hivi. Mtoto anayetoka nyumbani kabla jua halijachomoza anahitaji sweta. Mzazi ana njia nne: jipya la mashine, la mtumba, la kufuma kwa mkono, au kuanza na pamba na kusokota uzi mwenyewe.

Tuanze na hesabu ya uzi. Sweta la mtoto wa miaka 7 hula gramu 250 hivi, yaani madonge matano ya gramu 50. La kichanga, gramu 100 zinatosha. Tuseme donge ni shilingi 2,000: sweta la shule limeshafika 10,000, na bado hujahesabu muda wako, ambao kwa mfumaji wa kawaida ni saa 20 au zaidi. Weka bei ya duka lako kwenye hesabu hiyo, kisha linganisha na sweta la mashine. Mara nyingi la mashine litakuwa nafuu, na anayefuma ili kuokoa fedha tu atavunjika moyo.

Faida ya kufuma ni kwamba unalipa kidogokidogo. Mwezi mvua imegoma na debe la mahindi limepanda bei, sweta zima hulimudu, lakini donge moja unalimudu. Kazi inakaa kwenye mkoba, inaendelea kwenye foleni ya kliniki na gengeni wateja wakiadimika. Mtoto akirefuka, unafumua ukingo wa mikono, unaokota vitanzi na kuongeza sentimita tano. Sweta la dukani halikupi nafasi hiyo.

Ila kununua kwa kudunduliza kuna mtego wake. Kwenye karatasi ya donge huwa kuna namba ya rangi na namba ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja. Bluu ya Machi na bluu ya Mei zikitoka mikupuo tofauti, dukani zitafanana, lakini juani sweta litaonyesha mstari kifuani. Mwombe muuzaji akuwekee madonge yote matano ya namba moja, umlipe taratibu. Akikataa, tumia donge geni kwenye kola na ukingo wa mikono, mahali ambapo tofauti itaonekana kama pambo.

Wapo wanaofikiria kufuata uzi Kariakoo, Dar es Salaam, hasa tangu treni ya SGR ilipofika Dodoma Julai 2024. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa shilingi 31,000, kwenda na kurudi 62,000. Ukiokoa shilingi 500 kwa donge, unahitaji madonge 124 ili kurudisha nauli tu. Hilo ni jambo la kikundi.

Njia ninayoipigia debe ni ya mtumba wa kufumua. Sokoni Sabasaba au Majengo hapa Dodoma, usitazame rangi kwanza. Geuza sweta ndani nje, uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kushonwa kwa ovaloki, liache: kila mstari umekatika, na utapata vipande vifupi visivyofaa. Ukiona pande mbili zina kingo safi zilizounganishwa kwa uzi mmoja, chukua. Sweta la mtu mzima la gramu 400 linatoa la mtoto mmoja na kofia ya mwingine. Fumua kuanzia mwisho wa kazi, zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne, ufue, kisha uanike ukiwa na kitu kizito chini ili mikunjo inyooke.

Ili kujua aina ya uzi, chomoa kipande kidogo ukichome. Kikinuka nywele zilizoungua, ni sufu. Kikinuka karatasi, ni pamba. Kikiyeyuka na kuganda kama ushanga mgumu, ni akriliki. Akriliki inafulika kirahisi na kukauka haraka, ila ikishika moto inayeyukia kwenye ngozi. Nyumba yenye jiko la mkaa na mtoto anayetambaa, nasisitiza: akriliki isiwe chaguo la kwanza.

Kusokota nako? Kondoo wa Ugogo wana nywele fupi, hawana sufu ya kusokota. Sufu ya kusokotwa kwa mkono iko mbali, kama Nanyuki nchini Kenya, ambako wanawake wanaisokota katika karakana yao tangu 1977. Kwetu iliyo karibu ni pamba ya Singida na Shinyanga, na mikono ya nchi hizi iliijua kazi hiyo zamani: msafiri Mwingereza Richard Burton aliwakuta Wanyamwezi wakifuma nguo za pamba miaka ya 1850. Kilo tatu za pamba mbegu hutoa kilo moja hivi ya nyuzi. Kwa bei elekezi ya 2023, shilingi 1,060 kwa kilo, ni kama 3,180. Malighafi ni rahisi mno. Gharama ni muda: nyuzi za pamba ni fupi, zinataka kusokotwa sana, na kusokota peke yake kunaweza kukuchukua saa nyingi kuliko kufuma.

Kwa hiyo kwa kichanga, fuma pamba. Kwa mtoto wa shule, fumua mtumba wa sufu ukiupata wa rangi ya sare. Ukiukosa, nunua la mashine, lenye mikono mirefu kidogo. Kwa mtu mzima, nunua mtumba na uuvae kama ulivyo. Kijiti cha kusokotea kiwe cha anayeipenda kazi yenyewe, na aanze Januari kama anataka kuvaa sweta lake Juni.