Mgongo Unaouma Hauponi kwa Kulazwa

Ni nadra kupata nyumba mjini ambayo haina mtu aliyewahi kushika kiuno na kuguna wakati wa kuinuka. Kuli wa Kariakoo, fundi cherehani, karani anayeinamia meza kutwa, dereva wa daladala na mama anayebeba ndoo ya maji, wote huyafahamu maumivu haya. Wala hayatusumbui sisi peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa sehemu ya chini ya mgongo, na ya kwamba maradhi haya ndiyo yanayoongoza kwa kuwapunguzia watu uwezo wa kufanya shughuli zao.

Pamoja na wingi huo, mengi tuyasemayo barazani kuhusu mgongo hayana ukweli. Hasara yake si ndogo. Mtu ambaye angerejea kazini baada ya siku chache hujilaza mwezi mzima, na chakula cha watoto kikapungua. Na yule ambaye yampasa kumwona daktari leo huendelea kukandwa kwa mafuta hata miguu ikafa ganzi. Hivyo yafaa tuzichambue dhana hizo moja baada ya nyingine.

"Pingili imechomoka"

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingoni, 12 za kifuani na 5 za kiunoni. Chini ya hizo zipo nyingine zilizoungana, hadi kufikia kifandugu. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu, na vyote hivyo vimefungwa kwa kano na misuli yenye nguvu nyingi. Kisahani hicho kimeshikamana na pingili ya juu na ya chini, hivyo hakitelezi kama kipande cha sabuni. Kinachoweza kutokea ni ukingo wake kututumka au kupasuka, kikabinya mshipa wa fahamu, na maumivu yakashuka hadi mguuni. Hata hao, walio wengi hupata nafuu bila kupasuliwa, ingawa huwachukua majuma kadhaa au miezi.

Wengine hupigwa picha, wakaambiwa pingili zimesagika, na tangu siku hiyo wakajihesabu kuwa ni vilema. Mwaka 1994 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwapiga picha watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Walioonekana na visahani visivyo na kasoro hata kimoja walikuwa asilimia 36 tu. Ni dhahiri, basi, kwamba mabadiliko mengi yanayoonekana katika picha ni kama mvi za kichwani: huja na umri, wala si lazima yawe ndiyo chanzo cha maumivu.

"Lala mpaka upone"

Hii ndiyo dhana iliyotia hasara kubwa kuliko zote. Zamani hata madaktari waliwaamuru wagonjwa walale majuma mawili. Mwaka 1986, huko Texas, wagonjwa 203 waligawanywa katika makundi mawili: wengine waliambiwa walale siku 2, na wengine siku 7. Wale wa siku 2 walipona sawa na wenzao, bali siku walizokosa kazini zilikuwa pungufu kwa asilimia 45. Kisha mwaka 1995 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wafanyakazi wa halmashauri ya jiji la Helsinki, Finland. Baadhi yao walilazwa siku 2, baadhi walipewa mazoezi maalumu, na baadhi waliagizwa waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yalivyowaruhusu. Hao wa mwisho ndio waliopona upesi zaidi, na waliolala ndio waliochelewa.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Misuli isiyotumika hulegea upesi, viungo hukakamaa, na hofu ya kuinama hukua kila siku. Mtu aliyebanwa na maumivu makali anaweza kupumzika siku moja au mbili, lakini baada ya hapo hapana budi ainuke, atembee ndani ya nyumba, kisha uani, kisha barabarani. Kuumia kidogo wakati wa kutembea si alama ya kwamba kitu kinavunjika ndani.

Wala si kweli kwamba dawa ya mgongo ni kulala juu ya ubao au sakafuni. Uchunguzi uliofanywa Hispania na kutangazwa mwaka 2003, kwa watu zaidi ya 300 waliougua muda mrefu, ulionyesha kuwa godoro la ugumu wa wastani liliwafaa kuliko lile gumu sana.

"Ni figo" au "ni ngiri"

Wengi wakisikia kiuno kinauma husingizia figo au ngiri. Ngiri ni uvimbe unaotokea, hasa kinenani au kitovuni, pale utumbo unaposukumwa kupitia sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo. Haina asili yake katika mgongo. Maumivu ya figo nayo aghalabu hukaa ubavuni, chini ya mbavu, wala hayabadiliki sana mtu akiinama au kugeuka. Mara nyingi huandamana na homa, kutapika, au mkojo wenye damu au unaouma. Jambo la kusikitisha ni kwamba mtu anayehofia figo hununua vidonge vya diklofenaki dukani na kuvimeza miezi mfululizo bila ushauri, ilhali vidonge vya namna hiyo vikizidi ndivyo vinavyoweza kuharibu figo na kuchimba vidonda tumboni.

"Ile sindano ya uzazi"

Akina mama wengi waliojifungua kwa upasuaji huilaumu sindano ya ganzi ya mgongoni kwa maumivu ya miaka mingi. Ni kweli mahali palipochomwa pataweza kuuma siku chache. Lakini uchunguzi haukuonyesha kuwa sindano hiyo huleta maumivu ya kudumu. Mimba yenyewe hulegeza kano za nyonga na kuvuta uzito mbele. Na baada ya kujifungua mama humwinamia mtoto, hunyonyesha akiwa amejikunja, na hurudia ndoo na kuni kabla misuli ya tumbo haijapata nguvu. Basi mume anayechukua ndoo ile kwa majuma kadhaa anatoa dawa iliyo bora kuliko lawama kwa mganga wa usingizi.

Dalili zisizongoja

Yote hayo yasimfanye mtu adharau hatari. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona miguu inapoteza nguvu, sehemu za siri na mapajani kwa ndani pamekufa ganzi, au mkojo na choo vinakataa kutoka au vinatoka bila kukusudia. Aliyeanguka kutoka juu au kugongwa na gari asigeuzwe ovyo ovyo.

Ipo pia kifua kikuu ya uti wa mgongo, ambayo Percivall Pott wa London aliieleza mwaka 1779, nayo ingalipo katika miji yetu. Huweza kumshika mtu asiyekohoa hata kidogo. Maumivu huzidi juma hata juma, na pamoja nayo huja homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au kinundu kinachochomoza mgongoni. Hapa kukanda hakusaidii kitu. Dawa zake, ambazo Tanzania hutolewa bila malipo, humezwa kwa miezi mingi; aliyewahi huweza kupona akitembea, na aliyechelewa huweza kupooza. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Asiye na dalili hizo na aondoe hofu. Mzigo auweke karibu na mwili, aliyeketi asimame mara kwa mara, na aliyezoea kutembea aendelee kutembea. Na jirani akija na habari ya pingili zilizochomoka, mkaribisheni kwa heshima, kisha mwambieni haya.