Kusoma Mlinganyo Kabla ya Kuukokotoa

Wanafunzi wa uhandisi, fizikia na hisabati hukutana na kozi ya milinganyo tofautishi mwaka wa kwanza au wa pili chuoni, mara tu wamalizapo kalkulasi. Sifa yake huitangulia: mbinu nyingi, kila aina ya mlinganyo na njia yake, na sapu za kutosha mwisho wa muhula. Wengi huivuka kwa kukariri na kupiga pastipepa, kisha huisahau. Hasara hiyo ni kubwa, maana karibu sayansi yote ya mambo yanayobadilika, kuanzia dozi ya dawa hadi idadi ya wanyama mbugani, hutegemea chombo kinachofundishwa humo.

Sekondari tulizoea mlinganyo ambao jibu lake ni namba. Mlinganyo tofautishi unataka jibu la namna nyingine. Unataja kasi ya kitu kubadilika wakati huu, unaihusisha kasi hiyo na kiasi kilichopo, kisha unakutaka utafute historia nzima ya kitu hicho: grafu inayoonyesha kilikuwaje jana na kitakuwaje mwezi ujao. Unachohitaji ni kanuni ya mabadiliko na hali ya mwanzo.

Mlinganyo wa kwanza kufundishwa huwa dy/dt = −ky. Hapa y ni kiasi kilichopo na k ni kipimo cha kasi ya kupungua. Maana yake ni kwamba kitu kadiri kilivyo kingi ndivyo kinavyopungua haraka. Dawa nyingi mwilini hufuata kanuni hii, kwa hiyo kiasi chake hushuka hadi nusu kila baada ya muda uleule. Tuangalie dawa mseto ya malaria, ALu, iliyochukua nafasi ya dawa ya SP nchini Tanzania na Kenya katikati ya miaka ya 2000. Ndani yake mna artemetha, ambayo hupungua nusu kwa muda wa saa 2 hivi, na lumefantrini, ambayo huhitaji siku 3 hadi 6. Katika saa 12 artemetha hukatwa nusu mara sita, ikabaki 1 ya 64. Lumefantrini, tukiipa siku 4, hubaki zaidi ya asilimia 90 katika saa hizohizo, na dozi inayofuata huongezwa juu ya iliyokuwapo.

Hapo mgawanyo wa kazi unaonekana. Artemetha huua vimelea wengi kwa haraka, kisha huondoka. Lumefantrini hujilimbikiza dozi baada ya dozi, ikabaki kwenye damu siku kadhaa kuwamaliza waliosalia. Mgonjwa anayeacha vidonge siku ya pili kwa sababu homa imeshuka anaukata ule mlimbikizo kabla haujakamilika. Mlinganyo ni mmoja, k ni mbili tofauti, na ushauri wa muuguzi wa kumaliza dozi zote sita umepata sababu yake.

Hatua inayofuata kwenye kozi inatupeleka Serengeti. Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ukaangamiza ng'ombe na wanyamapori, na kwa miongo mingi ukaendelea kuua ndama wa nyumbu. Ng'ombe wa maeneo ya jirani walipochanjwa, sotoka ilitoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1961 nyumbu walikadiriwa kuwa laki mbili na nusu hivi. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamefika kama milioni 1.3.

Tukisema tu kwamba nyumbu wengi huzaa nyumbu wengi zaidi, mlinganyo utatuahidi makundi yasiyo na kikomo, jambo ambalo hakuna mbuga inayoweza kulibeba. Mwaka 1838 Mbelgiji Pierre-François Verhulst aliweka breki ndani ya mlinganyo wenyewe: dN/dt = rN(1 − N/K). N ni idadi ya wanyama, r ni kasi yao ya kuongezeka panapokuwa na nafasi tele, na K ni idadi ambayo nchi inaweza kuilisha. N ikiwa ndogo, mabano yanakaribia 1 na ongezeko linakwenda bila kizuizi. N ikikaribia K, mabano yanakaribia sifuri na ongezeko linakoma. Idadi hupanda kwa kasi kubwa zaidi inapofikia nusu ya K, kisha hupunguza mwendo. Nyumbu wa Serengeti walifuata umbo hilo kwa karibu.

Herufi K, hata hivyo, haielezi ni kitu gani kinachoweka kikomo. Je, ni simba, maradhi, au njaa? Simon Mduma, mwanasayansi wa Kitanzania, pamoja na wenzake A.R.E. Sinclair na Ray Hilborn, walichapisha mwaka 1999 uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 40, wakaonyesha kwamba kikomo kikuu ni chakula cha kiangazi. K ya Serengeti, basi, imo kwenye nyasi za miezi ya ukavu, na mvua ikikosekana nayo hushuka. Ukame wa mwaka 1993 uliua nyumbu wengi kwa njia hiyohiyo.

Sasa tazama jinsi mlinganyo wa Verhulst unavyosomeka bila kukokotolewa. Upande wa kulia unakuwa sifuri mahali pawili tu: pasipo na nyumbu, au N inapolingana na K. Chini ya K, alama ni chanya, idadi inapanda. Juu ya K, alama ni hasi, idadi inashuka. Kwa hiyo, popote unapoanza na nyumbu hata wachache, utaelekea K. Mistari michache imetosha kueleza mustakabali wa kundi zima. Mwanahisabati Henri Poincaré aliukuza mtazamo huu mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuwa milinganyo mingi ya maisha halisi haina jibu linaloweza kuandikwa kwa fomyula.

Daktari Ronald Ross aliutumia mtazamo huu dhidi ya malaria. Alikuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha kwamba mbu ndiye anayeeneza ugonjwa huo, lakini wengi walimwambia kuwa kupambana na mbu ni kazi bure, kwani huwezi kuwaua wote. Akaandika milinganyo inayofungamana: watu wenye vimelea huwaambukiza mbu, na mbu wenye vimelea huwaambukiza watu. Ikaonekana kwamba kuna kizingiti. Mbu wakipungua chini yake, malaria hufifia yenyewe ingawa mbu wangalipo. Katika miaka ya 1950 George Macdonald alionyesha kwamba umri wa mbu una uzito mkubwa zaidi kuliko idadi yao. Kimelea huhitaji siku kama 10 kukomaa ndani ya mbu, na mbu anayekufa kabla ya hapo haambukizi mtu. Hiyo ndiyo nguvu ya dawa ukoko ukutani na ya vyandarua vyenye viuatilifu.

Pale ambapo tarakimu zinahitajika na fomyula haipo, iko njia ambayo Leonhard Euler aliichapisha mwaka 1768. Unaanza na hali ya sasa, unauliza mlinganyo kasi ni ipi, unasogea kidogo, unauliza tena, kama mtu atembeaye usiku huku tochi yake ikimulika hatua chache tu mbele. Utabiri wa hali ya hewa unategemea kompyuta zinazofanya kazi ya jinsi hiyo mara nyingi mno, kwa mbinu zilizonolewa zaidi.

Gian-Carlo Rota, aliyefundisha kozi hii MIT kwa miaka mingi, alitoa hotuba mwaka 1997 akilalamika kwamba imejazwa vijimbinu vinavyorithiwa kutoka kitabu kimoja hadi kingine huku mawazo makuu yakikosa nafasi. Naamini malalamiko hayo yanatuhusu. Mtihani wetu ungeweza kumpa mwanafunzi mlinganyo wa nyumbu na kumuuliza: kiangazi kikirefuka na K ikapungua nusu, kundi litafanya nini, na kwa nini? Swali hilo halihitaji kikokotoo. Anayelijibu kwa sababu sahihi ataweza kukaa na daktari, mhifadhi au mhandisi, akaandika mlinganyo wa tatizo ambalo bado hakuna kitabu kilicholiandika, na watu wa namna hiyo ndio tunaowahitaji.