Kiraka Mfupi wa Chuo Ananunuliwa kwa Bei Gani?

Kila Julai klabu 30 za Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, huingia sokoni kuchagua vijana kwa zamu. Soko hilo huitwa drafti, lina raundi 20, na kuna bidhaa moja ndani yake inayowagawa wasaka vipaji kila mwaka. Ni kijana wa chuo, mwaka wa tatu, hafiki sentimita 178. Leo anacheza beisi ya pili, kesho ya tatu, keshokutwa anasimama shotistopu, ile nafasi iliyo kati ya beisi ya pili na ya tatu ambako mipira mikali hupita kwa wingi. Wapenzi wa soka wa Tanzania wangemwita kiraka bila kusita, kama walivyomwita Erasto Nyoni. Takwimu zake za chuo zinavutia, mbio anazo, akili ya mchezo anayo. Kimo ndicho hana.

Kwamba kijana wa namna hiyo anaweza kufika Ligi Kuu hakuna ubishi, maana wengi wameshafika. Mnunuzi anachotakiwa kujua ni alipwe kiasi gani, na pesa hiyohiyo ingemletea nini akiipeleka kwingine.

Mfuko wenyewe una mipaka. Kila nafasi ya kuchagua katika raundi 10 za kwanza imewekewa bei elekezi. Mwaka 2024 nafasi ya kwanza kabisa ilipangiwa dola 10,570,600. Kufikia mwisho wa raundi ya 10 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 200,000. Jumlisha bei za nafasi zote za klabu, hiyo ndiyo bajeti yake ya ada za kusaini. Ikizidisha hadi asilimia 5, inatozwa kodi ya asilimia 75 ya kilichozidi. Ikivuka hapo inapokonywa na nafasi yake ya raundi ya kwanza katika drafti inayofuata, adhabu ambayo hakuna klabu iliyokubali kuibeba. Kwa hiyo dola 300,000 za ziada unazomwongezea kiraka wako zimetoka kwa kijana mwingine uliyekuwa unamtaka. Kuanzia raundi ya 11 kamba hulegea: kila mchezaji anaweza kupewa hadi dola 150,000, kama shilingi milioni 19 za Kenya, bila mfuko kuguswa.

Bei ya kijana hutegemea pia mwaka wake wa masomo. Wa mwaka wa tatu anaweza kukataa ofa na kurudi chuoni, na tangu Julai 2021, wanamichezo wa vyuo waliporuhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, kurudi huko si kurudi kwenye njaa. Wa mwaka wa nne hana pa kurudi. Klabu humchagua raundi ya 8 au ya 9, humpa dola 10,000, pengine 5,000, kisha kilichobaki kwenye bei elekezi humwongezea kijana wa sekondari, mrefu, mwenye mkono wa moto. Ni halali kabisa, lakini ni biashara ya kumtumia mmoja kumlipia mwingine, na viraka wafupi hutumbukia humo kirahisi. Wakati mwingine anayenunuliwa kwa bei ya kufungia hesabu ndiye huja kuwa faida: Joey Wendle alichukuliwa na Cleveland raundi ya 6 mwaka 2012 akimaliza West Chester, chuo cha daraja la pili huko Pennsylvania, na mwaka 2021 akaitwa kwenye mchezo wa nyota wa ligi akiwa na Tampa Bay, huku akizunguka beisi ya pili, ya tatu na shotistopu.

Drafti inayofundisha zaidi kuhusu bei ni ya 2018. White Sox ya Chicago, katika nafasi ya 4, ilimchukua Nick Madrigal wa Oregon State, kijana wa sentimita 173 hivi aliyekuwa hakosi mpira, ikamlipa takriban dola milioni 6.4. Nafasi ya 24, Cubs ya jiji hilohilo ikamchukua Nico Hoerner wa Stanford kwa takriban milioni 2.7. Raundi ya 7, St. Louis ikamchukua Brendan Donovan wa South Alabama. Madrigal alipiga vizuri alipopanda, lakini mipira yake ilikuwa mepesi: mingi iliangukia mbele ya walinzi wa uwanja wa nje, na iliyovuka uzio ilihesabika kwa vidole. Juni 2021 msuli wa paja ukachanika, mwezi uliofuata akauzwa kwa Cubs, na mwishoni mwa 2024 Cubs nao wakamwachia. Hoerner, aliyegharimu chini ya nusu yake, alinyakua Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora, kwa beisi ya pili mwaka 2023. Donovan alinyakua ya viraka mwaka 2022, mwaka wa kwanza tuzo hiyo kuwepo, naye alikaa sokoni hadi raundi ya 7.

Hoerner na Donovan si wafupi, hilo lisemwe. Hata hivyo si kimo peke yake kilichomwangusha Madrigal. White Sox walilipa bei ya nyota kwa mchezaji ambaye sifa yake kubwa ilikuwa moja tu, kugusa mpira. Mchezaji wa aina hiyo msuli ukichanika hana sifa nyingine ya kumshikia nafasi. Kiraka wa kweli angehamishiwa kwingine akaendelea kula mshahara wake kihalali.

Watetezi wa wafupi hupenda kumtaja José Altuve, sentimita 168, aliyesajiliwa na Houston kutoka Venezuela mwaka 2007 kwa dola 15,000 na akawa mchezaji bora wa Ligi ya Marekani, moja ya ligi mbili za MLB (nyingine ni Ligi ya Taifa), mwaka 2017. Mfano mtamu, lakini haufai kuwa mizani ya bei. Hakupitia drafti, hakupitia chuo, na kwa kila Altuve kuna vijana wafupi wengi waliorudi makwao bila kusikika. Mfano wa karibu zaidi ni Dustin Pedroia. Shotistopu wa Arizona State, kama sentimita 175, Boston ilimchukua wa 65 mwaka 2004 na kumlipa dola 575,000. Alikuwa chaguo lao la kwanza mwaka huo kwa sababu nafasi ya raundi ya kwanza walikuwa wameipoteza kwa kumsajili mrushaji Keith Foulke. Wakampeleka beisi ya pili. Mwaka 2007 alikuwa chipukizi bora, 2008 mchezaji bora wa ligi.

Kabla ya kutoa hundi, msaka vipaji humpima kijana kwa mizani ya 20 hadi 80, ambapo 50 ni wastani wa Ligi Kuu: kupiga, nguvu, mbio, mkono, ulinzi. Hatari ya kiraka ni kujaziwa hamsini kila safu kwa sababu hana doa linaloonekana. Mimi ningeuliza kwanza kama anaweza kweli kucheza shotistopu. Mwenye kuiweza nafasi hiyo anaweza kupelekwa karibu popote. Aliyewekwa beisi ya pili kwa sababu mkono wake hautoshi si kiraka hata kidogo. Ni mchezaji wa nafasi moja anayeazimwa siku za dharura. Pa kumpimia ni mpira unaopigwa mbali upande wake wa kulia, karibu na beisi ya tatu. Aukamate, asimame, arushe hadi beisi ya kwanza. Mpira ukifika ukidunda mara mbili, punguza bei hapohapo, hata kama kocha wake anakuapia kwamba kijana ana moyo wa simba. Moyo wa simba hutajwa sana kuhusu wachezaji wafupi, na sijaona mizani iliyoupima.

Kisha gongo. Vyuo vya Marekani hutumia magongo ya chuma, yenye kanuni kali tangu 2011 ili yasirushe mpira kupita kiasi, lakini bado husamehe makosa ambayo mbao haisamehi. Ndiyo maana wasaka vipaji hujazana Massachusetts kila kiangazi kutazama ligi ya Cape Cod, inayotumia mbao tangu 1985. Mfupi aliyepiga vizuri chuoni na akapwaya Cape Cod ameshakuonyesha kitakachotokea. Aliyepiga mipira mikali kwa mbao, hata kama michache iliruka uzio, ana thamani. Siku hizi kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo hupimwa hadi mazoezini, kwa hiyo mnunuzi hana sababu ya kulipia macho matupu. Mbio huhesabiwa kwa saa ya mkononi hadi beisi ya kwanza: sekunde 4.3 kwa mpigaji wa kulia na 4.2 kwa wa kushoto ndio wastani. Mfupi anayechelewa kuliko wastani huo mwache apite. Na urefu uliochapishwa kwenye vitabu vya timu usiuamini; kachukue futi yako.

Gharama baada ya kusaini ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa mkataba wa wachezaji wa ligi ndogo ulioanza 2023, daraja la A la chini lilipangiwa dola 26,200 kwa mwaka, A la juu 27,300, AA 30,250 na AAA 35,800. Akipanda ngazi zote bila kurudia, utakuwa umemlipa kama dola 120,000. Kinachogharimu hasa ni nafasi. Orodha ya wachezaji wa ligi ndogo ambao klabu inaruhusiwa kuwa nao ndani ya Marekani ilipunguzwa kutoka 180 hadi 165 mwaka 2024, na kila zamu ya kupiga unayompa kiraka ni zamu aliyokosa kijana wa dola milioni 2. Hapo ndipo yule wa dola 10,000 huonewa. Akikwama wiki tatu, anakaa benchi, kwa sababu hakuna bosi anayelazimika kueleza pesa yake ilikwenda wapi.

Upande wa pili, kanuni za miaka ya karibuni zimempandisha thamani. Kikosi cha Ligi Kuu kina wachezaji 26, na warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Ondoa wapigaji tisa wanaoanza, wanabaki wanne benchi, mmoja wao lazima awe mdakaji wa akiba. Watatu waliosalia wagawane uwanja mzima. Mwaka 2023 beisi zilipanuliwa na mrushaji akawekewa mipaka ya kumvizia mkimbiaji. Beisi zilizoibwa zikaruka kutoka 2,486 hadi 3,503 kwa msimu mmoja. Mwaka huohuo walinzi wa ndani wakakatazwa kurundikana upande mmoja, na mwenye miguu ya kufika mbali kulia na kushoto akahitajika upya. Tena kuanzia 2026, mpira ambao uamuzi wa refa umepingwa huamuliwa na mitambo kwa kipimo cha kimo halisi: eneo la straiki huanzia asilimia 27 ya urefu wa mpigaji hadi asilimia 53.5. Kwa mtu wa sentimita 170 hiyo ni kama sentimita 45 za kulengwa. Kwa wa 193 ni 51. Mrushaji ana kazi zaidi kwa mfupi, mradi mfupi mwenyewe awe na subira ya kuacha mpira mbaya upite.

Lipo pia chaguo la kungoja wengine wamlipie ada ya shule, kisha ukamnunua ameiva. David Eckstein, sentimita 170 hivi, aliingia timu ya Florida bila udhamini, akachaguliwa na Boston raundi ya 19 mwaka 1997, na mwaka 2000 Boston ikamwacha. Angels wakamwokota kwenye orodha ya walioachwa. Mwaka 2002 alikuwa shotistopu wa timu bingwa, na 2006 akawa mchezaji bora wa fainali akiwa na St. Louis. Dodgers wameifanya njia hii kuwa desturi: Chris Taylor walimchukua Seattle mwaka 2016 kwa kumtoa mrushaji Zach Lee, na Julai 2024 wakamchukua Tommy Edman kutoka St. Louis. Edman, wa Stanford, hafiki sentimita 180, alichaguliwa raundi ya 6 mwaka 2016. Miezi mitatu baada ya kuhamia Los Angeles alikuwa mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya Taifa, akicheza shotistopu na uwanja wa nje wa kati katika mfululizo mmoja. Lakini aliyeiva ana bei yake: Novemba hiyo Dodgers walimpa dola milioni 74 kwa miaka mitano. St. Louis walikuwa wameshafaidi miaka yake ya bei nafuu, ile ambayo klabu hummiliki mchezaji hadi atimize miaka sita ya utumishi na kumlipa, mwanzoni, karibu na kima cha chini, ambacho kwa 2026 ni dola 780,000.

Kwa klabu yenye mabilioni, kungoja kunalipa. Kwa klabu ya mfuko wa kawaida, nunua mapema, ila usinunue juu. Ningemtafuta wa mwaka wa tatu, kati ya raundi ya 4 na ya 7, nimlipe bei elekezi bila nyongeza, kwa masharti matatu: shotistopu anaiweza, mbao ameithibitisha, mbio zake zinazidi wastani. Akiwa anapiga pande zote mbili, kulia na kushoto, ningesogea raundi moja juu. Wa mwaka wa nne mwenye sifa hizohizo ningempa dola 50,000 badala ya 10,000, ili mameneja wa ligi ndogo wajue ni mchezaji na si mabaki ya hesabu. Raundi ya kwanza ningemwachia mwenzangu.