Risasi za bei ya juu au za bei poa? Tulizipima Cecil Park

Baada ya kipindi kilichopita wengi mmeniuliza: hivi kweli unatumia pesa zako kupasua sahani za udongo? Ndiyo jamani. Na swali linalonisumbua mwezi huu ni la pesa hasa. Mashindano yanakaribia. Ninunue risasi za bei ya juu, au hizi za bei poa ninazofanyia mazoezi zinatosha?

Kwa msioujua mchezo: trapu ya Olimpiki hupigwa kwa bunduki ya marisau. Mashine zimefichwa kwenye handaki mita 15 mbele yako. Unaita, na sahani yenye kipenyo cha milimita 110 inaruka kwenda mbali nawe, kushoto, kulia au katikati, na hujui ni upande gani mpaka uione. Una risasi mbili kwa kila sahani. Uwanja wetu ni Cecil Park, si mbali na Liverpool, palepale Michael Diamond alipochukua dhahabu ya trapu mwaka 2000, ya pili baada ya ile ya Atlanta 1996.

Sasa hesabu. Mchujo una sahani 125. Ya kwanza ikikosa unapiga ya pili, kwa hiyo unaweza kumaliza hadi risasi 250 kabla ya fainali, na mazoezi bado hujayagusa. Pesa hizo hizo ndizo zinazolipia karo za binamu zangu kule Uvira. Ndiyo maana sikutaka kununua jina tu.

Kanuni za kimataifa zinaruhusu gramu 24 za marisau, basi. Kwa hiyo bei ya juu haikununulii uzito. Kwa ukubwa unaotumika sana, risasi ya bei poa na ya bei ya juu zote zina karibu marisau 300. Unacholipia ni ugumu. Marisau mazuri yamechanganywa na antimoni zaidi. Yaliyo laini hubonyea baruti inapolipuka, na punje iliyobonyea hairuki sawa, inatoka kundini. Pia unalipia baruti iliyopimwa kwa makini, ili risasi ya 10 iende kwa kasi ileile ya risasi ya 200. Kitako kirefu cha shaba kinapendeza, lakini hakijawahi kupasua sahani.

Maneno hayatoshi, tukapima. Unatundika karatasi kubwa, unasimama mita 35, unapiga mara moja kwa kila karatasi, kisha unachora duara la sentimita 75 pale matundu yalipojaa. Nilipiga karatasi tano kwa kila aina, mtutu uleule.

Wa kuhesabu alikuwa Baba. Wanaomjua watashangaa. Mwaka 1996 alitoka Uvira akikimbia milio ya bunduki, mimi nikiwa mgongoni mwa Mama, tukaishia Nyarugusu. Nilipochukua leseni hakusema nami siku kadhaa. Nilimweleza sheria za hapa: mafunzo ya usalama, sababu inayokubalika, kabati la kufungwa, risasi kuwekwa mbali na bunduki. Akajibu tu, "Kule pia walikuwa na sababu." Siku hiyo alikubali kuja, ila alikaa ndani ya gari, vioo juu, mpaka nilipomaliza. Karatasi nikampelekea nyumbani.

Alizitandaza mezani, akavaa miwani, akachukua sahani moja nzima na kuitembeza juu ya matundu. Kwenye karatasi za bei ya juu, mahali pa kuificha palikuwa pachache. Kwenye za bei poa, karatasi mbili zilikuwa na mapengo ambayo sahani ingepita salama. Tatu zilikuwa nzuri kabisa.

"Sasa, mama," akasema, "hizi za rahisi si mbaya. Ila hujui ni ipi itakuangusha."

Karatasi tano ni chache, sidai zaidi ya hapo. Lakini Baba aligusa penyewe. Risasi ya kwanza, sahani ikiwa bado karibu, kundi limebanana na bei poa inatosha. Risasi ya pili sahani imeshafika mbali, marisau yametawanyika, na hapo ndipo pengo linakula pointi.

Kwa hiyo uamuzi wangu: mazoezi yote kwa bei poa, zenye uzito na kasi inayokaribiana na zile nzuri ili bega na macho visishtuke siku yenyewe. Siku ya mashindano, bei poa mtutu wa kwanza, bei ya juu mtutu wa pili. Na kama wewe bado unakosa sahani kwa sababu unasimamisha bunduki katikati ya pigo, kama mimi mwaka jana, mlipe kwanza mwalimu. Hakuna antimoni inayotibu hilo.

Karo zimekwenda. Baba ameuliza mashindano yanaanza saa ngapi. Hajasema kama atashuka garini.