Pikipiki Haipashwi Moto Kijiweni

Kila lita ya petroli inayoungua ndani ya injini huzaa karibu lita moja ya maji. Wengi wakiambiwa hivyo hudhani wanataniwa, lakini ndivyo ilivyo: petroli imeundwa kwa kaboni na hidrojeni, na hidrojeni ikiungua hugeuka maji. Injini ikiwa ya moto, maji hayo hutoka kwenye ekzosi yakiwa mvuke usioonekana. Ikiwa ya baridi, mvuke hukutana na chuma baridi ukarudi kuwa matone. Ndiyo maana asubuhi ya mwezi Juni pale Njombe au Makete, pikipiki iliyotoka kuwashwa hudondosha maji yenye masizi kwenye ncha ya bomba, na mwenyewe akaanza kumshuku muuza petroli wa chupa kwamba kachakachua.

Muuza petroli hana kosa, safari hii angalau. Maji yanayoonekana chini ya bomba hayana madhara makubwa. Yenye madhara ni yale yasiyotoka nje, yanayopenya pembeni mwa ringi za pistoni pamoja na petroli ambayo haikuungua, na kushukia kwenye oili.

Petroli ya majimaji haiungui vizuri; kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, kilo moja ya petroli kwa kilo 14.7 hivi za hewa. Kukiwa na baridi, sehemu kubwa ya petroli inayotoka kwenye kabureta haigeuki mvuke. Choki hutatua hilo kwa njia isiyo na ufundi mwingi: hubana hewa ili petroli izidi, na hata kama nyingi itapotea, ile kidogo iliyogeuka mvuke itoshe kushika moto. Hiyo inayopotea hung'ang'ania kwenye kuta za silinda na kuosha utando wa oili ambao ndio kinga pekee kati ya ringi na chuma. Kwa hiyo choki ni dawa ya kunywa kidogo. Anayeivuta kisha akaingia ndani kunywa chai, akirudi atakuta moshi mweusi na plagi iliyojaa masizi. Nyanda za juu kuna la ziada: Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni pungufu kwa karibu asilimia 20 ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Kabureta iliyosetiwa pwani ikipandishwa huko, mchanganyiko wake tayari umezidi petroli kabla hata choki haijaguswa. Pikipiki mpya zisizotumia kabureta hupima joto zenyewe na kujipunja au kujiongeza mafuta, ndiyo maana hazina choki.

Oili nayo ina tabia yake. Ile ya 20W-50 iliyozoeleka madukani, ikiwa kwenye nyuzijoto 40, ni nzito mara nane hivi kuliko ikifika 100. Alfajiri ya nyuzi nane huwa kama asali. Pampu huhitaji sekunde kadhaa kuipandisha hadi juu kwenye shafti inayosukuma valvu, na katika sekunde hizo vyuma husuguana kwa kutegemea utando uliobaki tangu jana. Dalili yake ni rahisi kuitambua: ukiingiza gia ya kwanza asubuhi, pikipiki hushtuka na kutoa mlio wa "klak". Ni sahani za klachi, ambazo kwenye pikipiki nyingi huogelea kwenye oili ileile ya injini, zimegandana kwa uzito wake na hazijaachana sawasawa. Zikipata joto, mlio huo hupungua wenyewe.

Kuna pia suala la vyuma kutanuka. Pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 56 ikiongezeka joto kwa nyuzi 100 hunenepa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni kidogo, lakini mwanya ulioachwa kati yake na silinda ni sehemu chache tu za mia za milimita. Pistoni huanza kupokea moto sekunde ileile injini inapowaka, ilhali silinda, yenye chuma kingi na mapezi ya kupoza, huchelewa. Ukipiga resi kubwa katika dakika hiyo, pistoni hutanuka kabla silinda haijaipisha, ikakwaruza au ikakwama kabisa. Pikipiki za zamani za kuchanganya oili na petroli ziliujua sana ugonjwa huu.

Hapo ndipo mazoea ya vijiweni yanapokosea, ingawa nia ni njema. Dereva huwasha, huiacha ingurume dakika kumi, kisha hupiga resi tatu nne kuhakikisha "imeshika". Injini inayonguruma bila kazi hutoa joto kidogo, hivyo huchelewa kutoka kwenye hali ileile ya hatari tuliyotaka itoke, na muda wote huo petroli inaosha silinda. Afadhali kuipa dakika moja hivi, au kidogo zaidi kwenye baridi ya Makete, kurudisha choki mara tu injini inapoweza kujitegemea, kisha kuondoka taratibu. Kilomita mbili tatu za mwanzo ziwe za kuvuta mafuta kidogo, bila mlima wa ghafla ukiweza kuukwepa. Kazi nyepesi ndiyo inayoipasha injini yote kwa pamoja, gia na klachi zikiwemo.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba anayeumia zaidi hapa si dereva wa bodaboda. Pikipiki yake huwa ya baridi mara moja tu kwa siku. Mwalimu anayekaa kilomita mbili kutoka shuleni huwasha ya baridi asubuhi, akaizima baada ya dakika tano, akaiwasha tena ya baridi jioni. Oili yake haipati joto la kutosha kufukuza maji na petroli vilivyoingia, na ukifungua kifuniko cha kujazia unaweza kukuta utando wa rangi ya chai ya maziwa. Kilomita zake ni chache, lakini oili yake imezeeka. Huyo asisubiri kilomita zitimie. Abadilishe kwa kuhesabu miezi.

Adui wa bodaboda ni joto. Injini zake nyingi hupozwa na upepo, na upepo huo huja pikipiki ikitembea. Kwenye foleni ya Dar es Salaam saa nane mchana, au kwenye mlima na abiria wawili na gunia, oili ndiyo inayobeba mzigo wa kupoza, na ni lita moja hivi tu. Ikipungua robo, joto hupanda. Tope lililokauka katikati ya mapezi nalo huziba njia ya upepo.

Je, kabla ya kuzima ni lazima kuiacha ingurume? Ushauri huo unafaa injini zenye tabo, kama za malori, kwa sababu tabo huzunguka hata mara 100,000 kwa dakika, na injini ikizimwa ghafla oili huungulia kwenye beringi zake. Pikipiki za tabo zimewahi kuwepo. Honda walitoa CX500 Turbo mwaka 1982. Yako haina. Kama umetoka mlimani, mita mia chache za mwisho ziende polepole, zima, inatosha. Ila usiimwagie maji ya kuosha ikiwa ya moto, na fundi asiguse mwanya wa valvu hadi ipoe kabisa, maana vipimo vya kiwanda kwa kawaida ni vya injini baridi.

Usiku pikipiki huingizwa ndani kwa kuogopa wezi, na ekzosi bado ni ya kumuunguza mtoto mguu. Asubuhi wengine huiwasha humohumo chumbani. Injini baridi yenye choki ina petroli nyingi na oksijeni pungufu, hivyo hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, gesi ileile ya jiko la mkaa. Haina harufu wala rangi, na hung'ang'ania kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Isukume pikipiki hadi nje ndipo uiwashe, hata kama mvua inanyesha.