Kulainika na Kuyeyuka: Tatizo la Istilahi katika Maelezo ya Kiwiko cha Hewa cha Ndege za Kujiundia

Makala haya yanakusudia kueleza tofauti kati ya kulainika na kuyeyuka kwa plastiki, tofauti ambayo mfasiri wa maandiko ya ufundi akiipuuza humtia msomaji wake hatarini.

Mfano unaofaa unatoka Uingereza. Mwezi Machi 2025 ndege ya aina ya Cozy Mk IV, ambayo mwenyewe huiunda kwa kufuata michoro, ilipoteza nguvu ya injini ikikaribia kutua katika uwanja wa Gloucestershire. Iligusa ardhi kabla ya kufika njia ya kutulia, ikagonga mitambo ya kuongozea ndege; rubani aliumia kidogo. Wachunguzi walikuta kwamba kiwiko cha hewa (mafundi bomba wangekiita elbo), yaani bomba lililopinda linalopeleka hewa kwenye injini, kimelainika na kunywea. Kilichapwa kwa mashine ya 3D. Aliyekifunga alielewa kutoka kwa muuzaji kuwa plastiki yake, ABS yenye nyuzi za kaboni, ilikuwa na kiwango cha 105°C. Sampuli mbili zilipopimwa, zilionyesha 52.8°C na 54.0°C.

Kitenzi “kuyeyuka” hakielezi tukio hili. ABS haina hata halijoto moja mahususi ya kuyeyukia, na kiwiko hakikuhitaji kudondoka matone ili kilete madhara. Injini inaponyonya hewa, kanieneo ndani ya bomba huwa ndogo kuliko ya nje. Ukuta uliolainika husukumwa ndani, njia ya hewa ikasongeka.

Lugha za Ulaya hukiita kiwango hicho kwa neno la “kioo”, kwa kuwa chini yake polima ya namna hii huwa ngumu kama kioo. Tafsiri sisisi, “halijoto ya mpito wa kioo”, ingekuwa mtego. Michoro ya Cozy inaonyesha kiwiko cha kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa epoksi. Msomaji angedhani kinachobadilika ni nyuzi hizo, ilhali zenyewe hustahimili joto la mamia ya digrii. Kinacholainika ni epoksi. Ile iliyotajwa kwa kazi hiyo hufikia 84°C, tena baada ya kuokwa ikishagandamana. Michoro huonyesha pia kipande chembamba cha bomba la alumini ndani ya mdomo wa kiwiko, ambacho hubaki kigumu hata epoksi ikishindwa. Kiwiko cha Gloucestershire hakikuwa nacho.

Inapendekezwa basi “halijoto ya kulainika”. “Kulegea” kungevutia zaidi, lakini fundi huambiwa nati imelegea, naye atatafuta spana. Mwanafizikia anaweza kulalamika kwamba istilahi hiyo inaficha kioo chake. Malalamiko hayo yana haki katika kitabu cha kemia, si katika mwongozo wa fundi. Mtu anayesoma kuwa kifaa “hakiyeyuki chini ya 105°C” atakifunga karibu na injini. Akisoma kuwa “huanza kulainika kwenye 54°C”, atakirudisha dukani.