Unga wa "Kuvuta Shaba" ni Utapeli: Hivi Ndivyo Shaba Inavyokwama Kwenye Mavi ya Tanuru

Maswali yanayotoka Kilole na vijiji vya njia ya Handeni yanafanana. Kuna watu wanapita kwa wayeyushaji wa skrepa wakiuza unga wa "kuvuta shaba". Eti ukiunyunyiza tanuruni, shaba yote inashuka na mabaki meusi, yaani mavi ya tanuru, yanatoka matupu. Msinunue. Ukibahatika utauziwa boraksi kwa bei ya kurushwa, nayo boraksi kazi yake ni kulainisha uchafu tu. Viwanda vikubwa vina wahandisi na maabara, na bado vinaacha shaba kwenye mavi ya tanuru.

Chukua bonge la mavi hayo ulipasue kwa nyundo. Nje ni jeusi tii. Ndani utaona vidoa vyekundu, vingine vidogo kiasi kwamba vinahitaji lenzi. Hiyo ni shaba iliyokuwa njiani kuzama, tanuru likapoa kabla haijafika.

Katika kiwanda cha kuyeyusha mawe ya shaba, joto hufika nyuzi 1,200 hadi 1,250 hivi. Shaba iliyoungana na salfa na chuma hukaa chini kwa kuwa ni nzito, na juu yake huelea mavi, ambayo hasa ni chuma na silika. Matone ya shaba yanapaswa kuyapenya mavi hayo hadi chini, na hapo ukubwa wa tone ndio unaoamua kila kitu. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, mwendo unapungua mara nne. Nimepiga hesabu kwa mavi yenye wepesi wa kawaida: tone la milimita 1 linashuka nusu mita kwa dakika mbili au tatu. Tone la milimita 0.1 linahitaji kama saa nne. La milimita 0.01 linahitaji zaidi ya wiki mbili, na hakuna tanuru linalosubiri kiasi hicho.

Sasa ongeza hewa kupita kiasi. Chuma kinashika oksijeni na kuwa magnetaiti, ambayo kwa joto hilo haiyeyuki. Mavi yanakuwa mazito kama uji wa dona, matone yananasa. Ndiyo maana mafundi hutia mchanga wa silika, ili ukishike chuma mapema, na makaa, ili yaipunguze magnetaiti. Makaa yana kazi nyingine pia: sehemu ya shaba hugeuka oksidi na kuyeyukia ndani ya mavi, na hiyo hata ungesubiri mwaka haizami. Lazima inyang'anywe oksijeni kwanza. Viwanda vingine huyaacha mavi yapoe taratibu ili matone yaungane, kisha huyasaga na kuielesha shaba kwa mapovu. Hata hivyo, asilimia 0.3 hadi 0.5 ya mavi hayo hubaki kuwa shaba.

Mwenye shaka aulizie Lubumbashi. Tanuru la huko lilianza kutoa shaba mwaka 1911, na mavi yake yakawa mlima mweusi katikati ya mji, wenye mamilioni ya tani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likajengwa tanuru la umeme la kuuyeyusha upya mlima huo, kuchukua kobalti na shaba zilizoachwa.

Kuna uzushi mwingine nimechoka kuusikia: kwamba glasi ya maziwa jioni inaosha sumu ya tanuru. Haioshi. Kalsiamu yake hupunguza kidogo risasi inayofyonzwa tumboni. Vumbi na moshi ulioingia mapafuni maziwa hayaugusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu Katanga, eneo la Lubumbashi, ulikuta kobalti nyingi kwenye mkojo wa watu waishio chini ya kilomita 3 kutoka migodini na viwandani, na watoto walizidi watu wazima.

Kwa hiyo: waya chuna kwa kisu, usiuchome, maana moshi wa plastiki yake una sumu yake. Yeyushia nje, mbali na nyumba. Mavi usiyapondee uani wala usijazie ua kwayo. Nguo za kazi zisiingie ndani. Mtoto anayecheza karibu na tanuru apelekwe hospitali, na mwambieni daktari wazi kwamba nyumbani mnayeyusha madini, ili afikirie kupima risasi kwenye damu.